Mwongozo kamili: namna ya kupima waya za spika na amplifaya kwa masikio, kwa haki

Ubishi wa waya hauishi. Kaa maskani yoyote yenye wapenda muziki, iwe Michenzani iwe Chake Chake, utamkuta mmoja anaapa kwamba tokea abadilishe waya za spika qanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, inasikika kama ipo pale pale chumbani, na mwengine anamjibu yakhe umeliwa pesa zako, waya ni waya. Wote wanasema kweli juu ya walichokisikia, ila hakuna hata mmoja aliyesikiliza bila kujua ipi imechomekwa. Na ukishajua basi sikio halifanyi kazi peke yake, bei inaingia, unene unaingia, plagi ya dhahabu inaingia, maneno ya muuzaji yanaingia, na hilo si ujinga wa mtu, ubongo wa kila binadamu uko hivyo hata wa aliyekaa studio maisha yake yote.

Nimeandika haya kwa sababu naona watu wanatoa pesa nyingi kwa waya huku spika zenyewe zimechoka, na wengine wanakataa waya nzuri kwa ubishi tu. Mambo mawili ndiyo yanayoua testi nyingi za nyumbani: volyumu isiyo sawa, na mtu kujua anachosikiliza. Hatua zote zilizobaki hapa chini zipo kwa ajili ya kuyalinda hayo mawili.

Kabla ya yote: nini hasa kinaweza kubadilika

Waya ya spika ina upinzani wake wa umeme na huo unategemea unene, urefu na madini. Chukua waya ya shaba ya mita 5, umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo hesabu mita 10. Ikiwa ni ile nyembamba ya milimita za mraba 0.5 upinzani unafika kama omu 0.34, ikiwa ni ya 2.5 unakuwa kama 0.07. Kwenye spika ya omu 8 tofauti ya sauti kati ya hizo mbili ni karibu desibeli 0.3 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), kwenye ya omu 4 inapita 0.5. Ni ndogo lakini ipo, na ubaya wake ni kwamba tofauti ndogo ya sauti huwa huisikii kama sauti imepanda, unaisikia kama muziki umekuwa mzuri zaidi, una uhai zaidi, una besi zaidi. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Halafu kuna zile waya nyekundu na nyeusi ambazo juu ni shaba na ndani ni alumini. Alumini inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, kwa hiyo unene ule ule upinzani wake ni mkubwa zaidi. Ikwangue ncha kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe umeshajua umeuziwa nini.

Na sisi wa visiwani tuna jambo jengine, chumvi. Hewa ya bahari inakula plagi na vitako vya kuchomekea, inaweka ule ukijani. Ukichomoa waya ya zamani na kuchomeka mpya umesugua kontakti, na sauti inaweza kusafika kwa sababu ya kule kusugua tu, sifa ikaenda kwa waya mpya. Kwa hiyo kabla ya testi safisha vitako vya amplifaya, vitako vya spika na ncha za waya ZOTE mbili, kwa dawa ya kusafishia kontakti au spiriti, acha zikauke. Ikiwa waya ya zamani ncha yake imeoza ikate umenye upya. Bila hivyo utakuwa unapima kutu.

Watu na kazi zao

Mnahitaji watu watatu. Msikilizaji, mbadilishaji, na msimamizi ambaye ndiye anayeandika majibu. Watu wawili mnaweza mkibanwa lakini si salama, kwa sababu mbadilishaji anajua jibu, na mtu anayejua jibu anavuja bila kutaka, kwa macho, kwa pumzi, kwa namna anavyosema "haya tayari". Kwa hiyo mbadilishaji akae nyuma ya pazia zito au nyuma ya mlango, asionekane, asiseme hata neno, akiwa tayari agonge meza mara moja basi. Msimamizi akae na msikilizaji lakini yeye pia asijue mpangilio. Hapo mtu anayejua hana njia ya kumfikia msikilizaji.

Chumba na wakati

Nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa ni nzuri kwa kazi hii, ila sauti inarudi rudi kwenye sakafu tupu, tandika zulia au busati. Mchana usijaribu, kunguru, bodaboda, watoto wanatoka skuli. Baada ya Isha mpaka usiku wa kati ndiyo wakati mzuri, Ramadhani baada ya tarawehe. Zima feni, zima AC, zima friji ikiwa ipo karibu, na ikiwa umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka weka stabilaiza, kwa sababu amplifaya nyengine zinabadilika kidogo umeme ukicheza na nyinyi mtadhani ni waya. Msimu wa masika chini ya bati msihangaike, subirini.

Kiti kisisogezwe. Wekeni alama sakafuni, kwa sababu kichwa kikisogea kidogo tu sauti za juu zinabadilika kuliko waya yoyote inavyoweza kuzibadilisha.

Kuzifunga waya

Hii ndiyo sehemu yenye kazi. Kuchomoa na kuchomeka kwa mkono kila raundi kunachukua dakika nzima, na kumbukumbu ya sikio kwa vitu vidogo ni fupi mno, ndani ya sekunde chache imeshaanza kufifia. Unataka kubadilisha kwa haraka.

Tumieni spika moja tu. Najua watu wanataka stirio, lakini kwa tofauti ya sauti ya ala spika moja inatosha na inakupunguzia kazi kwa nusu. Nenda kwa fundi redio, Darajani hawakosekani na Wete pia wapo, mwambie akupatie swichi mbili za miguu sita, zile za njia mbili, zenye kubeba ampia za kutosha. Ya kwanza inakaa upande wa amplifaya: miguu miwili ya katikati inatoka kwenye amplifaya, pembeni upande mmoja waya A na upande mwengine waya B. Ya pili inakaa mwisho wa waya, imefungwa vile vile, na miguu yake ya katikati inakwenda kwenye spika kwa kipande kifupi kinene ambacho A na B zote zinakitumia. Kwa nini mbili? Kwa sababu ukibadilisha upande mmoja tu waya isiyotumika inabaki imening'inia kwenye saketi, na mtu wa waya za ghali atasema hiyo ndiyo imeharibu testi, na atakuwa na hoja.

Swichi zote mbili ziwe nyuma ya pazia, kwa hiyo waya zinatoka kwenye amplifaya zinazunguka na kurudi pale pale kwa mbadilishaji. Urefu wa A na B uwe sawa, ikiwa moja ni mita 3 na nyengine mita 5 hiyo si testi. Usizikunje kama kamba ya dau, zilaze zikiwa wazi. Kabla ya kuwasha amplifaya pima kwa mita ya umeme ya fundi, ikiwa kwenye omu, uhakikishe chanya haijagusana na hasi swichi ikiwa upande wowote, kwa sababu shoti moja inaweza kuua amplifaya nzima. Na hakikisha chanya ya A na chanya ya B zote zinafika chanya ya spika. Ukija kufanya kwa spika mbili hili ndilo la kuchunga zaidi, moja ikigeuzwa besi inapotea na testi imeharibika.

Kwa zile waya nyekundu na nyeupe za kutoka kwenye mashine ya muziki kwenda kwenye amplifaya kuna njia rahisi. Tia plagi ya kugawa mara mbili kwenye mashine, waya A iende kwenye kitako cha CD, waya B kwenye AUX, unabadilisha kwa kitufe tu. Ila mwanzo weka waya mbili zinazofanana kabisa kwenye vitako hivyo ujue vyenyewe viko sawa, na nusu ya testi zibadilishane, A iende AUX na B iende CD.

Waya za umeme wa ukutani siziingizi hapa. Huwezi kuzibadilisha haraka bila kuzima kila kitu na sitaki mtu apigwe shoti kwa ajili ya ubishi.

Kusawazisha volyumu

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Tafuta toni ya hezi 1000, programu za bure za simu zinatoa, ila ipeleke kwa waya usitumie bluetooth. Weka mita kwenye volti za AC, pima pale kwenye vitako vya spika huku spika ikiwa imefungwa na inalia, ongeza volyumu mpaka isome kama volti 2, halafu badilisha kwenda waya ya pili bila kugusa kitu chochote. Linganisha. Kinachotakiwa ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya volti, yaani moja ikisoma 2.00 nyengine isishuke chini ya 1.98. Rudia kwa hezi 100 na hezi 400 pia.

Angalia mita yako. Zile ndogo za bei rahisi nyingi AC yake inaanzia volti 200, inasoma pointi moja tu, hiyo haikusaidii kwa kazi hii. Azima mita yenye volti 2 au 20.

Sasa ikiwa volti hazilingani? Basi umeshapata jibu la kwanza, waya moja ina upinzani zaidi, na hilo halihitaji sikio. Ukitaka kujua kama kuna KITU CHENGINE zaidi ya upinzani, kwa mfano ile 0.5 na ile 2.5 za mita 5, mpe ile nene rezista, kile kifaa kidogo cha kuongeza upinzani, ya omu 0.27 ya wati 5 kwenye njia yake, sasa upinzani wao unakuwa karibu sawa, pima tena volti mpaka uridhike halafu ndiyo usikilize. Mtu akizitofautisha hapo hiyo ni habari kubwa kweli.

Muziki gani

Faili liwe zima, CD au FLAC au WAV, si lile lililopita WhatsApp mara tatu. Taarab asilia iliyorekodiwa vizuri miaka ya karibuni ni kipimo kizuri sana na watu wa hapa tunaijua vizuri zaidi kuliko muziki wowote wa nje, qanuni ina zile sauti kali za juu zinazokatika haraka, fidla zikiwa nyingi pamoja zinaonesha ukwaruzo, dumbak ina mpigo, na sauti ya mtu kila sikio linaijua. Zile rekodi za zamani kama za Siti binti Saad alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 ni hazina lakini kwa testi hii hazifai, sauti za juu hazimo na ukwaruzo wa sahani ya santuri umetawala, tofauti ndogo itajificha.

Chagua kipande cha sekunde 10 mpaka 20 kisha kirudiwe. Msikilizaji akichague mwenyewe, kile anachoamini kinaonesha tofauti, asije akalalamika baadae. Volyumu ya kawaida, si ya harusi, na volyumu ikishapangwa hakuna anayeigusa.

Mpangilio wa raundi

Namna ninayoipenda ni hii: msikilizaji anasikia A akijua ni A, anasikia B akijua ni B, halafu anasikia ya tatu tuiite X ambayo hajui, na kazi yake ni kusema X ni A au ni B. Hii si mpya, Munson na Gardner wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, waliandika juu ya namna hii mwaka 1950, na mwaka 1982 David Clark akaeleza mashine ya kubadilishia kwa ajili ya vifaa vya muziki. Msikilizaji anaweza kuomba arudishiwe A au B au X mara anazotaka kabla hajajibu. Mpe nafasi hiyo, usimharakishe.

X iwe ipi kila raundi? Isitoke kichwani mwa mtu. Binadamu akiambiwa apange ovyo anabadilisha badilisha sana, A B A B A, hawezi kuweka A nne mfululizo ingawa bahati nasibu inaziweka. Mbadilishaji akiwa peke yake arushe shilingi 200 kabla hamjaanza, Mzee Karume ikiwa A, upande wa simba ikiwa B, raundi 16 aziandike kwenye karatasi abaki nayo nyuma ya pazia. Sarafu ikitoa A tano mfululizo aiache hivyo hivyo asirekebishe.

Kila mabadiliko yawe na kelele ile ile. Muziki unasimamishwa, mbadilishaji anazigusa swichi zote mbili HATA KAMA habadilishi kitu, anazipeleka na kuzirudisha, kimya cha sekunde mbili, anagonga meza, muziki unaendelea. Akiwa habadilishi na swichi hazilii, msikilizaji atajua bila kusikia muziki wowote.

Kwanza jaribu testi yenyewe

Hatua hii wengi hawaijui na mimi naiona ina uzito sana. Kabla ya waya fanya raundi chache kwa tofauti unayoijua ipo, kwa mfano B iwe waya ile ile ya A ila sauti imepunguzwa desibeli 1. Ikiwa msikilizaji haipati hata hiyo basi chumba kina kelele au spika ni mbovu au amechoka, na testi yenu ni butu, majibu ya waya hayatakuwa na maana. Akiipata bila shida endeleeni. Hapo mtu wa waya za ghali hawezi kusema baadae kwamba mfumo wenu hauwezi kuonesha kitu.

Raundi zenyewe na kuhesabu

Raundi 16, na idadi iamuliwe kabla. Mapumziko kila baada ya raundi nne, kahawa, kashata, na hakuna kusema majibu. Msikilizaji asiambiwe amepata au amekosa mpaka mwisho, na "sijui" haikubaliki, akiwa hajui abahatishe.

Mtu anayebahatisha tu atapata kama 8 kati ya 16. Ili tuseme kweli anasikia kitu nataka 12 au zaidi, kwa sababu kubahatisha kunafika hapo mara 4 tu katika 100. Mkifanya raundi 10 nataka 9, mkifanya 20 nataka 15. Kupata 4 kati ya 5 watu wanashangilia lakini hata sarafu inafika hapo kirahisi. Wanaopenda chai ya maziwa wataielewa habari ya Ronald Fisher, mtu wa hesabu wa Uingereza, aliyeeleza mwaka 1935 jaribio la bibi mmoja aliyesema anajua kwa kuonja tu kama maziwa yametangulia kwenye kikombe au chai: vikombe 8, vinne hivi na vinne vile, havina mpangilio, na kuvipata vyote kwa bahati ni mara moja katika 70. Hesabu zetu zina msingi ule ule.

Usisimamishe testi katikati kwa sababu mtu anafanya vizuri, wala usiongeze raundi kwa sababu amekosa. Na mkijaribu watu kumi, mmoja akapata 12, msimbebe juu kwa juu, kwa watu kumi wanaobahatisha nafasi ya angalau mmoja kufika hapo ni karibu theluthi. Mrudieni siku nyengine na karatasi mpya. Akifika tena basi anasikia, heshimuni masikio yake, na sasa tafuteni sababu: pimeni volti upya, kontakti, mvumo kwenye kimya. Waya nyekundu na nyeupe zenye ngao mbovu zinaokota mvumo wa umeme, na huo ni ubovu wa kweli unaosikika bila testi yoyote, pandisha volyumu bila muziki kisha sogeza sikio kwenye spika.

Akipata 7 au 9, mseme kilichotokea tu: kwa chumba hiki, spika hizi, waya hizi mbili, mtu huyu hakuweza kuzitofautisha. Msiseme imethibitika hakuna waya duniani inayobadilisha sauti.

Kwa wanaosema lazima ukae nayo muda

Kuna watu wanasema dakika chache hazitoshi, waya unaijua baada ya siku nyingi. Sawa, hilo pia linapimika. Waya zote mbili zivishwe kitambaa kimoja kinene kutoka ncha mpaka ncha, ziwekewe plagi za aina moja, na uzito usawazishwe maana waya ya ghali mara nyingi ni nzito na ngumu. Rafiki aje azifunge yeye, kila wiki arushe shilingi, aingie wewe ukiwa haupo nyumbani, azichomoe na kuzirudisha hata kama sarafu imesema ibaki ile ile. Wewe unaishi nayo, kila mwisho wa wiki unaandika A au B, unamtumia kwa simu hapo hapo usije ukabadilisha. Testi ya raundi 10 inakwenda wiki kumi, ni ndefu lakini mwenye imani na waya yake hatoona tabu, na siku ya karatasi kufunguliwa awepo na yule mbishi wa maskani.